Nyimbo Tunazo, Majina Yanatupotea

Bumu lilipotoka muhula uliopita nilifanya kama wengi wetu. Nilipanda mwendokasi mpaka Gerezani, nikaingia Kariakoo kutafuta chaja. Nilirudi hosteli na chaja, lakini pia na flashi iliyojaa zilipendwa. Kijana mmoja mwenye meza na laptop pembeni ya Mtaa wa Aggrey aliniita: "Mwanangu, lete flashi, buku tatu tu nakujazia. Mbaraka, Marijani, Sikinde, Msondo, mpaka Dokta Remmy. Mia nne na ushee." Buku tatu kwa nyimbo mia nne, nani angekataa?

Kabla ya kugeuza nilikaa kwenye kijiwe cha kahawa nipumzishe miguu. Pembeni alikuwepo fundi viatu mwenye sabufa, nikamwomba achomeke flashi tuonje mzigo. Wimbo wa kwanza kutokea ulikuwa umeandikwa "MBARAKA NEW 07". Mzee mmoja aliyekuwa na kikombe chake cha kahawa mkononi aliinua kichwa hata kabla mwimbaji hajaanza.

"Huyo si Mbaraka," alisema. "Hao ni Western Jazz, kijana. Mbaraka alikuwa Morogoro. Hawa walikuwa hapa hapa mjini."

Nikamwamkia, kisha nikamuuliza amejuaje.

"Nimejuaje? Msikilize huyo wa rizimu. Huyo tulikaa naye mtaa mmoja."

Akanitajia jina lake, na lile la utani alilopewa mtaani. Akanieleza gitaa alijifunzia kwa nani na alikuwa akifanya kazi gani mchana. Wenzake kijiweni wakadakia, mmoja akabisha kidogo, wakakubaliana. Nilicheka nao, nikamshukuru mzee, nikaondoka. Muda wote huo simu ilikuwa mkononi mwangu na sikuandika hata neno moja.

Baada ya UE nilirudi palepale. Muuza kahawa aliniambia mzee yule amechukuliwa na binti yake, wamehamia Mkuranga. Namba ya simu? Hana. Jina lake kamili? "Sisi hapa tulimwita Mzee tu." Kwa hiyo leo wimbo ninao, unasikika vizuri kabisa, lakini jina la yule mpiga rizimu sina. Nilipewa bure nikaliacha barazani.

Hoja yangu kwenye makala hii ni moja. Tunapozungumzia kuhifadhi muziki wa zamani, wengi tunafikiria kuokoa sauti. Sauti nyingi, kwa namna yake, Kariakoo imeshatuokolea. Kinachokufa sasa hivi ni maelezo: nani aliimba, nani alitunga, nani alipiga solo, wapi na lini. Kazi ya kuandika maelezo hayo haingoji mfadhili wala bajeti ya serikali. Inataka watu wanaojua kuandika na wenye Jumamosi moja ya kupoteza. Kiukweli, hao ni sisi.

Sauti zilifikaje kwenye flashi?

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1928 Siti binti Saad alitoka Zanzibar na wenzake wakaenda Bombay kurekodi santuri za kampuni ya HMV. Sauti ya mwanamke wa Kiswahili ikaanza kuuzwa madukani kwenye sahani nyeusi zilizozunguka mara 78 kwa dakika. Miaka michache baadaye HMV hao hao wakaleta Afrika mfululizo wa santuri uliojulikana kwa herufi GV, wenye nyimbo za Cuba. Wazee wetu walizisikiliza mpaka zikaingia kwenye majina ya bendi zao. Cuban Marimba ya Salum Abdallah ilikuwa ya Morogoro, jamani, si ya Havana.

Hapa Dar, Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932. Mwishoni mwa miaka ya 1950 zikaja Kilwa Jazz na Western Jazz. Mwaka 1964 ikaundwa NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, ambayo baada ya kubadili majina mara kadhaa ndiyo Msondo Ngoma ya leo. Mwaka 1978 ikazaliwa DDC Mlimani Park, yaani Sikinde, na ukumbi wa DDC Kariakoo ukawa nyumbani kwake. Ukipita pale leo na mfuko wa nguo za mtumba, kumbuka kwamba hiyo ni sehemu ambayo watu walivaa wakapendeza wakaja kucheza mpaka usiku wa manane.

Karibu muziki huo wote ulipitia redioni. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, halafu Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Kwa miaka mingi studio ya RTD ndiyo ilikuwa studio ya nchi. Bendi inaingia, inapiga kwa pamoja, fundi mitambo anarekodi kwenye kanda kubwa za reli, na taifa zima linasikia. Nyimbo zilizopata bahati ya kutoka kwenye santuri, nyingi zilichapwa Nairobi.

Kisha zikaja redio kaseti. Watu wakarekodi moja kwa moja kutoka redioni. Maduka ya Kariakoo yakafanya biashara ya kunakili kaseti, baadaye kuchoma CD, na sasa kujaza flashi na memori kadi. Kila hatua iliongeza nakala na kushusha bei. Lakini kila hatua pia iliacha karatasi nyuma, na hapo ndipo tatizo lilipo.

Fikiria safari ya wimbo mmoja. Kanda ya RTD ilikaa kwenye boksi lililoandikwa bendi, wimbo na tarehe. Santuri ilikuwa na lebo katikati, yenye jina la wimbo, bendi, mara nyingi na mtunzi, pamoja na namba ya toleo. Kaseti ya kunakili ilibaki na kijikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu ya wino: "Western, upande A." CD ya kuchomwa iliandikwa kwa maka peni: "Zilipendwa 3." Flashi inasema "Track 07", au mbaya zaidi inasema "Mbaraka" kwa wimbo usio wa Mbaraka, kwa sababu Mbaraka anauza. Sauti imevuka miaka sitini salama. Aliyeitoa ameshushwa njiani, kituo baada ya kituo.

Wamarekani walipitia huku

Nimekuwa nikisoma kuhusu watu waliookoa santuri za zamani za Marekani, zile za blues na nyimbo za vijijini, na nimejifunza kwamba hata kwao mambo hayakujipanga yenyewe.

Kulikuwa na kampuni iliyoitwa Paramount, mali ya kiwanda cha viti cha Wisconsin. Ilirekodi wapiga blues wakubwa, akina Charley Patton, Skip James na Son House. Biashara ilipoanguka miaka ya 1930, sahani mama za chuma zilizotumika kuchapia santuri ziliuzwa kama chuma chakavu. Nyimbo nyingi za Paramount zinasikika leo kwa sababu tu kuna bibi fulani wa Mississippi aliyekuwa na santuri iliyochakaa uvunguni. Nyingine inajulikana nakala moja au mbili tu dunia nzima.

Nani alizitoa uvunguni? Si maprofesa, angalau si wao kwanza. Joe Bussard, aliyefariki mwaka 2022, alizunguka vijijini kwa gari akigonga mlango hadi mlango. Gayle Dean Wardlow alifanya kazi ya kupuliza dawa ya wadudu majumbani Mississippi, na hapo hapo akawauliza wenye nyumba kama wana santuri za zamani. Lakini Wardlow hakuishia kwenye santuri. Aliuliza habari za watu. Mwaka 1968 ni yeye aliyepata cheti cha kifo cha Robert Johnson, mpiga gitaa aliyekufa mwaka 1938. Mtu ambaye gitaa lake lilikuwa limeshaanza kuigwa na vijana mpaka Uingereza, alikaa miaka 30 bila mtu kujua vizuri alikufa wapi na lini.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Mississippi John Hurt. Alirekodi mwaka 1928, mwaka ule ule Siti alipokwenda Bombay. Santuri zake hazikuuzika sana, akarudi kijijini kulima. Miaka 35 ikapita. Vijana waliokusanya santuri wakasikiliza moja ya nyimbo zake, wakasikia anataja Avalon kuwa ndiko kwao. Wakatafuta Avalon kwenye ramani ya Mississippi, mmoja wao akaenda mwaka 1963, akauliza, akaoneshwa nyumba. Mzee alikuwa hai. Alipiga gitaa mbele ya maelfu ya watu, akarekodi tena, akafa mwaka 1966. Alipata miaka mitatu tu ya kufaidi jina lake, na alipata hiyo kwa sababu jina la kijiji lilikuwa ndani ya wimbo. Je, wale ambao hawakuimba jina la kijiji chao?

Halafu yupo Harry Smith. Mwaka 1952 alichukua santuri zake mwenyewe za miaka ya 1920 na 1930, akachagua nyimbo 84, zikatolewa na kampuni ya Folkways kwa jina la Anthology of American Folk Music. Bob Dylan na wenzake wengi walijifunzia humo. Sasa sikiliza hili: kwa sehemu kubwa nyimbo zile zilitolewa bila ruhusa ya kampuni zilizozirekodi. Kwa lugha ya Kariakoo, ilikuwa "kopi". Mambo ya vibali yalikuja kuwekwa sawa baadaye sana, Smithsonian ilipoitoa upya mwaka 1997.

Kwa hiyo Harry Smith na kijana wa Mtaa wa Aggrey wanafanana kuliko tunavyopenda kukiri. Tofauti yao kubwa ni kijitabu. Smith aliambatanisha maelezo ya kila wimbo: nani anaimba, anapiga nini, umerekodiwa lini, santuri namba ngapi, na wimbo unahusu nini. Kwa kijitabu kile msikilizaji aliweza kumfuata mwanamuziki mpaka nyumbani kwake. Kwa flashi yangu siwezi kumfuata mtu yeyote kwenda popote.

"Si TBC wanazo?"

Hilo ndilo swali ninaloulizwa kila nikianza mada hii kwenye vimbweta. Ndiyo, TBC ndiyo iliyorithi kanda za RTD, na hazina ile ni kubwa na ya thamani. Mwaka 2012 kikundi cha Tanzania Heritage Project kilichangisha fedha mtandaoni ili kusaidia kazi ya kuziweka kanda hizo katika mfumo wa dijitali. Wapo pia wanamuziki kama John Kitime ambao kwa miaka mingi wameandika habari za bendi na wenzao. Siandiki hapa kama vile hakuna aliyefanya kitu.

Ila nina majibu matatu kwa wanaosema tuwaachie TBC.

La kwanza, nyumba moja haitoshi. Tarehe 11 Julai 2021 tuliamka na habari kwamba soko kuu la Kariakoo limeungua usiku. Jengo lile la mwaka 1975, lililochorwa na mbunifu wetu Beda Amuli, likafuka moshi, na mali za watu zikaisha kwa saa chache. Msiseme moto ni wa masokoni tu. Tarehe 1 Juni 2008 moto uliteketeza ghala la kampuni ya Universal huko Hollywood, na mwaka 2019 gazeti la The New York Times likaandika kwamba humo ziliungua kanda mama nyingi, zikiwemo za magwiji wa blues wa Chicago. Kampuni ilisema hasara ile imekuzwa. Hata tukiipunguza nusu, somo ni lile lile: kitu kilichopo sehemu moja kinasubiri siku yake.

La pili, TBC ina kile ambacho redio ilirekodi. Redio haikurekodi kila kitu. Kuna santuri za Nairobi zilizoletwa kwenye mabegi ya wasafiri. Kuna kaseti za harusi za Ilala na Magomeni. Kuna kanda za vikundi vya taarabu vya hapa mjini kama Egyptian na Al-Watan. Hizo zipo kwenye makabati ya bibi zetu, zinaliwa na unyevunyevu wa Dar, na ubao wake wa matangazo ni kumbukumbu ya bibi mwenyewe.

La tatu, kanda haiwezi kuulizwa swali. Unaweza kuiweka kanda kwenye mashine bora kuliko zote, lakini haitakwambia yule wa rizimu alijifunzia kwa nani. Hilo anakwambia mzee wa kijiweni, na mzee wa kijiweni hana nakala ya akiba. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali Mombasa mwaka 1979. Hemedi Maneti mwaka 1990. Marijani Rajabu mwaka 1995. Remmy Ongala mwaka 2010. Muhidin Gurumo mwaka 2014. Hawa ni wale ambao magazeti yaliandika. Wapiga besi na wapiga tumba wanazikwa na majirani tu, na imam au padri hatangazi kwamba marehemu yumo kwenye nyimbo kumi na mbili unazozijua.

Mfano wa karibu unaonesha maelezo yanaweza kufanya nini. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet, upande wa Kericho, Kenya, akarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba wimbo uitwao Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika mpaka vijijini kule na kuwaacha watu wakijiuliza ni kiumbe gani huyu anayeimba ndani ya boksi. Rekodi za Tracey zikawekwa kwenye maktaba yake ya muziki wa Afrika, ILAM, Afrika Kusini. Zaidi ya miaka 60 baadaye, ILAM na Ketebul Music ya Nairobi walizirudisha Kapkatet, na baadhi ya waliorekodiwa walikuwa wangali hai. Waliwapataje? Tracey alikuwa na tabia ya kuandika mahali, siku na majina. Bila hayo rekodi zingeendelea kukaa kwenye rafu, na wenyewe wangeendelea kukaa kwao, na wasingekutana.

Na hapa kuna kitu kinaniuma kidogo. Ukitaka kujua nani alipiga nini kwenye nyimbo za Dar za miaka ya 1960, mara nyingi utapata jibu upesi zaidi kwenye kijitabu cha CD za Zanzibara zilizotolewa na Buda Musique ya Paris kuliko kwenye simu ya Mtanzania yeyote. Sina ugomvi na waliofanya kazi hiyo, walikuja, wakauliza, wakaandika. Ugomvi wangu ni sisi tunaokaa hapa, dakika arobaini kwa mwendokasi, na hatuulizi.

Suala la wizi lisikwepwe

Kuna wanamuziki watakaosoma makala haya wakasema: huyu kijana anamsifia mtu anayeuza jasho langu kwa buku tatu. Wana haki ya kukasirika. Bendi zilizorekodi RTD zilipata malipo kidogo ya mara moja, nyimbo zikapigwa miaka na miaka. Baadaye kaseti, CD na flashi zikauzwa wao wakitazama. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo, COSOTA ipo, lakini mirabaha ya mpiga rizimu wa mwaka 1965 ni hadithi nyingine.

Ila tujiulize: ukitaka kumlipa, unamlipa nani? "Track 07" haina akaunti ya benki. Mrithi hawezi kudai wimbo ambao haujulikani kuwa ni wa baba yake. Tazama Malaika, wimbo ambao dunia nzima imeuimba. Mpaka leo watu wanabishana mtunzi ni nani, Fadhili William au Adam Salim au mwingine, na fedha zimepita katikati ya ubishi huo. Kama wimbo maarufu kuliko yote Afrika Mashariki unaweza kugombaniwa hivyo, wimbo wa upande B wa bendi iliyokufa utakuwaje? Jina likiandikwa, na aliyelisema akaandikwa, tayari ni mwanzo wa ushahidi. Kwa hiyo kuandika majina hakumpendelei mharamia. Kunampa mwenye haki mahali pa kusimama.

Tufanye nini?

Napendekeza kitu kidogo kabisa. Jumamosi moja kwa mwezi, watu watano au sita kutoka hapa chuoni, wawili wawili, kwenye vijiwe vya Kariakoo, Gerezani, Ilala na Magomeni. Spika ndogo ya bluetooth, flashi ya nyimbo, daftari. Tunapiga wimbo, tunakaa kimya, tunawaacha wazee waongee. Tunaandika mambo saba: jina la wimbo, bendi, mwimbaji, mtunzi, wapiga vyombo, mahali na mwaka kwa makadirio, na nani katuambia. Hilo la saba ndilo mimi nilikosea. Andika jina la mzee na namba ya mtu wa familia yake, kwa ruhusa yake, uweze kurudi. Wazee wakibishana, usiamue. Andika majibu yote mawili.

Kila fani ina kazi. Wa Historia na Kiswahili wanajua kuhoji. Wa Sheria watuandikie fomu ya ridhaa isiyomtisha mzee. Wa kompyuta wanajua kwamba faili la wimbo lina nafasi ndani yake ya kuandika msanii, mwaka na maelezo, kwa hiyo jina likiandikwa humo litasafiri na wimbo kila unaponakiliwa. Wa Sanaa Bunifu wanatambua gitaa la solo na la rizimu, jambo ambalo wengi wetu tunabahatisha.

Mzee akitoa santuri, usiombe uondoke nayo. Piga picha pande zote mbili, lebo isomeke, na namba zilizochorwa karibu na lebo pia. Santuri za zamani za kuzunguka mara 78 ni za kuvunjika kama sahani ya udongo, na hazipigwi kwa sindano ya kawaida ya santuri za plastiki, mfereji wake ni mpana zaidi na sindano nyembamba itauharibu. Ukipata nafasi ya kurekodi, rekodi WAV, si MP3, na tunza nakala sehemu tatu tofauti. Na tafadhali, tuache huu mtindo wa kugeuza santuri kuwa saa za ukutani za migahawani. Mgahawa unaweza kununua saa ya plastiki, zipo tele hapo Kariakoo.

Najua tuna test, asaimenti na sup za kuogopa. Najua pia kuna watakaosema muziki wa wazee waachiwe wazee. Sawa, lakini kila wiki nasikia wimbo mpya wa Bongo Fleva wenye gitaa lililochukuliwa kwenye zilipendwa, na tunaucheza. Kama gitaa linatufaa, mwenye gitaa hawezi kuwa hatuhusu.

Wiki mbili zilizopita nilirudi kwa yule kijana wa Mtaa wa Aggrey. Nilimwambia "MBARAKA NEW 07" si ya Mbaraka, ni ya Western Jazz. Nilidhani atanicheka. Akafungua laptop, akabadilisha palepale, halafu akasema, "Kumbe! Wazee wananiulizaga Western, nawaambia sina. Mwanangu, una majina mengine? Lete, niandikie, mimi nabadilisha." Kumbe hata soko linataka jina, limekosa tu wa kulileta.

Kwenye flashi yangu faili lile sasa linasomeka hivi: "Western Jazz. Jina la wimbo: bado. Rizimu: aulizwe mzee aliyehamia Mkuranga." Kama unatokea Mkuranga na una babu aliyekuwa akinywa kahawa Kariakoo, naomba unitafute. Safari hii nitakuja na kalamu.